Tunamkamata Mpishi, Tunamwaga Ushahidi

Habari hii tumeisoma mara nyingi kiasi kwamba tunaweza kuiandika wenyewe kabla mwandishi hajafika eneo la tukio. Wanafunzi wa shule fulani ya bweni wamelazwa baada ya kula chakula "kinachodhaniwa kuwa na sumu". Mkuu wa Wilaya amefika wodini na kamera, amewapa pole, ametangaza kwamba hali imedhibitiwa. Kamanda wa Polisi amesema mpishi na mzabuni wa chakula wanashikiliwa kwa mahojiano. Mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, ameagiza chakula kilichobaki kimwagwe na masufuria yasuguliwe kwa mchanga na sabuni. Uchunguzi unaendelea. Kisha kimya, mpaka shule nyingine, mkoa mwingine, mwaka mwingine.

Ninadai katika makala haya kwamba utaratibu huu, ambao tumeuzoea na kuuona kuwa ni uwajibikaji, ndio unaotuzuia kujua kilichowaua au kuwaumiza watoto wetu. Tunamtia mbaroni mtu ambaye ndiye shahidi wetu mkuu, na kwa mkono ule ule tunamwaga kizibiti.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Kiswahili chetu kinalo neno moja, sumu, kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali sana. Iko sumu anayoitia mtu: dawa ya panya, kiuatilifu, uchawi wa wivu wa jirani. Na iko sumu inayotengenezwa na bakteria ndani ya chakula kilichoachwa katika joto lisilofaa kwa saa zisizofaa. Masikio yetu yanaposikia "wamekula sumu", akili inaruka moja kwa moja kumtafuta mtiaji. Ndiyo maana polisi hufika kabla ya bwana afya. Na pale ambapo mtiaji hakuonekana, hasa katika shule za wasichana, tunayo akiba nyingine: mapepo, au kwa wale waliosoma kidogo, "mfadhaiko wa kundi". Sikatai kwamba mfadhaiko wa namna hiyo upo; umeandikwa na wataalamu wa kuaminika. Ninakataa kuutamka kabla sampuli moja haijapelekwa maabara.

Sumu ya bakteria ina saa yake, na saa hiyo ndiyo fununu ya kwanza na ya bei rahisi kuliko zote. Bakteria aitwaye Stafilokokasi, ambaye wengi wetu tunamfuga puani na katika majipu ya vidole bila kujua, hutengeneza sumu yake ndani ya chakula chenyewe kabla hakijaliwa. Anayeila huanza kutapika kwa nguvu baada ya saa moja hadi sita hivi. Basilasi wa wali, ambaye wataalamu wa Uingereza walianza kumhusisha na wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina mwanzoni mwa miaka ya 1970, huweza kufanya vivyo hivyo, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha moto. Wapenzi wa kiporo walisikie hili: wali uliolala nje ya jokofu usiku kucha hausafishwi na moto wa asubuhi.

Klostridiamu wa nyama na maharage ana tabia nyingine. Spora zake huvumilia mchemko. Sufuria kubwa linapopoa polepole, nje limekuwa vuguvugu na katikati bado joto ni la mwili wa mgonjwa wa homa, spora hizo huamka na kuanza kuzaana. Katika joto linalompendeza, takriban nyuzi 43, huongezeka maradufu chini ya kila dakika kumi. Mwenye kalamu na apige hesabu: kwa dakika kumi kumi, bakteria mmoja huwa zaidi ya 260,000 ndani ya saa tatu. Huyu huliwa akiwa hai, na sumu yake huitoa tumboni mwa mlaji. Kwa hiyo maumivu ya tumbo na kuhara huja baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi, kutapika ni nadra, homa pia ni nadra. Tofauti na wale wawili wa kwanza, yeye chakula kikichemshwa upya sawasawa angekufa.

Sasa fikirini jiko la shule yenye wanafunzi mia nane. Maharage yanachemshwa usiku kwa kuni kwa sababu asubuhi hakuna muda. Sufuria lina ujazo wa lita mia na zaidi. Hakuna jokofu linaloweza kulipokea, hakuna vyombo vifupi vya kugawia, hakuna kipimajoto. Nani ametia sumu hapo? Ukimuuliza polisi atakupa jina la mpishi. Ukiniuliza mimi nitakupeleka kwenye kifungu cha bajeti.

Mwaka 1940, tarehe 18 Aprili, waumini wa kanisa moja katika kijiji cha Lycoming, wilaya ya Oswego, jimbo la New York, walikula chakula cha jioni pamoja. Usiku ule wengi wao walitapika na kuhara. Waliohudhuria walikuwa 80. Waliohojiwa ni 75. Walioonekana kuwa wameugua ni 46. Aliyetumwa kuchunguza alikuwa daktari aliyekuwa bado katika mafunzo ya epidemiolojia. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na orodha ya vyakula, na akamuuliza kila mtu, mgonjwa na mzima, swali lile lile kwa kila chakula: ulikula au hukula, uliugua au hukuugua, saa ngapi.

Nisisitize maneno "na mzima", kwa sababu hapo ndipo kamati zetu zinapokosea kila mara. Sisi huwahoji waliolazwa tu. Wote wakisema walikula nyama, tunatangaza nyama. Katika Oswego, waliokula paja la nguruwe walikuwa 46 na kati yao 29 waliugua, sawa na asilimia 63. Mtu angeweza kuishia hapo na kumkamata muuza nyama. Lakini ambao hawakuligusa kabisa walikuwa 29, na 17 kati yao waliugua vilevile, asilimia 59. Nyama ikaachiwa huru. Aiskrimu ya vanila ilitoa hadithi nyingine: walioila ni 54, waliougua kati yao 43, wasioila ni 21, waliougua watatu tu. Asilimia 80 dhidi ya 14. Maabara ilipopima aiskrimu iliyobaki ikakuta Stafilokokasi kwa wingi, na ikaonekana kwamba mchanganyiko wake ulilala usiku kucha katika chumba cha chini cha kanisa. Ripoti ilifika mahali pa kusema kwamba uchafuzi uliingia kati ya jioni ya tarehe 17 na asubuhi ya tarehe 18, na kwamba namna ulivyoingia haikubainika wazi. Ikaishia pale ushahidi ulipoishia.

Zoezi la Oswego hufundishwa duniani kote, na kwetu pia. Wanaosomea epidemiolojia ya uwandani katika ukanda huu hulipitia mapema katika masomo yao. Tunalo darasani, tunalisahihisha kwa kalamu nyekundu, tunatoa alama. Kisha wahitimu wale wale wanaajiriwa wilayani, na siku watoto wanapougua, wanaketi nyuma ya msafara wa mheshimiwa wakisubiri kuruhusiwa kuingia jikoni.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye kamati ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, baada ya wanafunzi wa hosteli kuugua kwa makumi. Walikuwa wamekula pamoja saa saba mchana. Wa kwanza alianza kuugua saa mbili usiku, wa mwisho saa nane usiku: tumbo kusokota, kuhara, karibu hakuna aliyetapika. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeweza kusema ni mlango upi wa kubisha. Lakini kamati iliitishwa siku ya tatu. Chakula kilikuwa kimemwagwa, sufuria zinang'aa, choo cha mgonjwa hata mmoja hakikuwa kimepelekwa maabara, na mpishi mkuu, mtu pekee aliyejua nyama ilichemshwa lini na ilikaa wapi, alikuwa mahabusu na hatukuruhusiwa kumwona. Hadidu za rejea zilikuwa na kifungu kimoja chenye uzito: "kubaini waliohusika". Niliandika maoni yangu katika kurasa nne na kuomba yaambatishwe. Hayakuambatishwa. Ripoti ikapigwa muhuri wa siri, mzabuni akabadilishwa, na mzabuni mpya akakabidhiwa jiko lile lile lisilo na jokofu.

Wapo watakaosema: haya ni matatizo ya umaskini, wenzetu walioendelea yamewaisha. Hayajawaisha. Mwishoni mwa Juni 2000 watu wa Osaka na maeneo jirani nchini Japani walianza kutapika baada ya kunywa maziwa yenye mafuta kidogo ya kampuni ya Snow Brand, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za maziwa nchini humo. Waliougua walizidi 13,000. Kampuni ilichelewa kuutangazia umma, na macho yote yakageukia bomba moja chafu katika kiwanda cha Osaka. Ingekuwa kwetu, msimamizi wa bomba lile angekuwa rumande na habari imekwisha.

Wachunguzi hawakuridhika. Waliufuata unga wa maziwa uliotumika kutengeneza bidhaa hiyo, ukawapeleka kaskazini kabisa, kiwanda cha Taiki kisiwani Hokkaido. Huko waligundua kwamba tarehe 31 Machi umeme ulikatika kwa muda wa saa tatu hivi. Maziwa yaliyokuwa katikati ya mtambo yalikaa katika uvuguvugu, Stafilokokasi akazaana na kutoa sumu. Unga uliotokana na maziwa hayo ulikuwa na bakteria kupita kiwango cha kampuni yenyewe, lakini badala ya kutupwa, ukarudishwa katika uzalishaji wa tarehe 10 Aprili. Joto la kiwandani liliwaua bakteria. Sumu ikabaki, kwa kuwa sumu ile haijali joto. Kiasi alichokunywa kila mgonjwa kilikadiriwa kuwa kati ya nanogramu 20 na 100, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Rais wa kampuni alijiuzulu. Uchungu zaidi ni kwamba mwaka 1955 kampuni hiyo hiyo ilishawaumiza watoto wa shule za Tokyo wapatao 1,900 kwa unga wa maziwa wa kiwanda chake kingine cha Hokkaido, bakteria yule yule.

Ninalikazia tukio hili kwa sababu mbili. Kwanza, maabara inayotafuta bakteria hai peke yake ingeweza kuusafisha unga ule, ikaandika "hakuna vimelea", na wote tukapumua. Mara ngapi tumesomewa majibu ya namna hiyo bila kuambiwa kilichopimwa ni nini? Pili, umeme. Nchi inayoishi kwa mgao, ambako kukatika kwa umeme kwa saa tatu si habari ya kusimulia, haina ruhusa ya kuchunguza chakula bila kuuliza umeme ulikatika lini, jenereta liliwashwa saa ngapi, na kilichokuwa ndani ya mtambo kilikwenda wapi.

Najua jibu litakalokuja kutoka ofisi za serikali, maana nimelisikia katika semina zaidi ya moja: fedha hakuna, vitendanishi hakuna, maabara iko mbali. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kupima sumu ya Stafilokokasi si kazi ya kila zahanati. Lakini dodoso, kalamu na jedwali la safu nne havihitaji zabuni. Na ukanda huu umekwisha kuonyesha kwamba unaweza. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa sumukuvu. Ni sumu ya kuvu, si ya bakteria, lakini ufundi wa uchunguzi ni uleule. Wataalamu wa Kenya na wenzao wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 kutoka vijiji vile vile, wakauliza mahindi yalihifadhiwa wapi na yakiwa na unyevu gani, wakapima mahindi na damu. Wakapata jibu, jibu likachapishwa, na hadi leo linasomwa ulimwenguni. Hawakuanza kwa kumtafuta mtia sumu.

Haraka ya kutaja mkosaji nayo ina gharama yake, hata kwa matajiri. Mei 2011, bakteria wa E. coli mwenye sumu kali alipowashambulia Wajerumani, mamlaka za Hamburg zilitangaza hadharani kwamba matango ya Hispania yalikuwa na bakteria. Yalikuwa nayo kweli, lakini si yule aliyekuwa anaua. Wakulima wa Hispania wakamwaga mazao, Urusi ikafunga mipaka kwa mboga za Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kulipa fidia ya zaidi ya euro milioni 200. Wakati huo huo watu waliendelea kufa. Mwishowe wagonjwa walizidi 3,800 na vifo vikapita 50. Kilichofumbua fumbo ni unyenyekevu wa kimbinu. Wagonjwa wengi hawakukumbuka kwamba walikula machipukizi machache yaliyorushwa juu ya saladi. Basi wachunguzi waliuendea mkahawa mmoja wa Lübeck, wakakusanya bili na picha ambazo wateja walipiga mezani, kisha wakakaa na mpishi wakamwomba awaeleze kila sahani ina nini ndani yake. Waliokula machipukizi walikuwa na hatari ya kuugua mara 14 ya wasioyala. Njia ikawapeleka hadi shamba la Bienenbüttel na hadi mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri. Katika mbegu zenyewe bakteria yule hakuwahi kupatikana. Ushahidi wa watu na wa nyaraka ulitosha. Ninyi mnaosimamia mahabusu zetu, tazameni mpishi wa Lübeck alikuwa wapi: mezani, akiwafundisha madaktari.

Upande wa taasisi sitakaa sana. Tanzania mwaka 2019 tulihamisha udhibiti wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Hoja ya kupunguza mrundikano wa vibali kwa wafanyabiashara ilieleweka. Lakini mlipuko wa ugonjwa hauanzi na kibali, unaanza na mtoto anayetapika, na mtoto huyo yuko chini ya Wizara ya Afya, shuleni chini ya TAMISEMI, sampuli yake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mpishi wake kwa Jeshi la Polisi. Watano wanaposhika kamba moja, ulizeni nani anaandika ripoti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huwaua Waafrika wapatao 137,000 kwa mwaka. Ni makadirio, na ni makadirio kwa sababu sisi wenyewe hatuhesabu.

Ninachotaka ni kidogo na kinatekelezeka ndani ya bajeti hii hii. Waraka mmoja, utiwe saini na makatibu wakuu wanaohusika, useme kwamba chakula kikishukiwa, hakuna mtu, awe mkuu wa shule au mkuu wa mkoa, mwenye mamlaka ya kukimwaga kabla afisa afya hajachukua sampuli. Useme kwamba mpishi ahojiwe kwanza na mtaalamu wa afya kama shahidi, na polisi waingie pale tu dalili za kitendo cha makusudi zitakapoonekana. Japani, baada ya janga la E. coli katika shule za mji wa Sakai mwaka 1996, majiko ya shule hutakiwa kuhifadhi gramu 50 za kila kiambato na kila chakula kilichopikwa, katika ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili au zaidi. Kwetu tungeanza na shule za bweni na majiko ya vyuo. Friza moja ndogo, mifuko safi, kalamu ya kuandika tarehe. Anayeniambia kwamba halmashauri inayonunua gari jipya la mkurugenzi haiwezi kununua friza, na aje na hesabu zake mezani.

Na ripoti zitoke. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, na Wakenya wakapata yao mwaka huo huo. Ya kwetu inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, ya Kenya siku 21. Barua ya kuomba ripoti ya uchunguzi wa chakula haizidi ukurasa mmoja: taja shule, taja tarehe, omba idadi ya waliohojiwa wagonjwa kwa wazima, omba kujua sampuli zipi zilichukuliwa saa ngapi, zilipimwa nini na wapi. Wanafunzi wa semina yangu wamekwisha kuandika barua za kwanza kumi na moja. Majibu yatakayokuja nitayachapisha hapa, pamoja na yale yatakayosema kwamba ripoti ni ya siri, na pamoja na orodha ya ofisi zilizokaa kimya siku ya thelathini na moja.